Mguu wa Kushoto Kutoka Japani

Ndugu wasomaji, nina diploma ya uhasibu, nimefanya kazi Doha, na gari langu nililinunua kwa jasho langu. Kwa hiyo gurudumu lilipoanza kunguruma, sikwenda gereji kubahatisha. Nilihoji mpaka nikaelewa: beringi pekee ni bei nafuu, lakini habu, yaani kitovu cha gurudumu, ikiwa imelika, utarudi umlipe fundi mara ya pili. Afadhali ununue mguu mzima, kama mafundi wa hapa Nyamira wanavyoita habu na beringi yake.

Elimu kama hiyo sikuweza kukaa nayo peke yangu. Niliandika kwenye kundi la WhatsApp la kanisa: "Mguu wa kushoto umeisha. Mtaalamu alitaka kuutibu kidogo kidogo, nikakataa. Ung'olewe wote, niwekewe mwingine kutoka Japani. Gharama nimeielewa." Gari sikulitaja. Nani asiyelijua?

"Pole sana ndugu, tunakuombea," walijibu. Nikafurahi kwamba hatimaye gari langu linaheshimiwa.

Jumapili, mguu mpya ukiwa umeshafungwa, nilikuwa uani nikiliosha gari, redio ikiimba, nami nikicheza kwa miguu yote miwili. Akina mama wa kanisa wakaingia na uji, ndizi na mkongojo wa kuazima. Mama Kerubo, mwenyekiti wao, aliinama akanikagua kuanzia magotini.

"Mwanangu, ni upi huo wa Japani?"

Nilinyoosha kidole kwenye gurudumu.

Aliliendea, akaligonga kwa mkongojo.

"Bwana asifiwe," akasema. "Hata haujavimba."