Jeni Ilivyogeuka Jini

Mama yangu alikuja Kericho kutoka upande wa ziwa kuchuma chai. Mgongo ulipomkatalia, akafungua kibanda cha chakula pale Kapsoit: ugali, kuku, kachumbari. Wachumaji chai walimjua kwa hiyo kachumbari.

Mwaka jana wateja wake kadhaa waliharisha na kushikwa na homa. Mmoja wao, mama Mkipsigis ambaye ni rafiki yake mkubwa, alilazwa hospitalini. Afisa wa afya akachukua mabaki ya kuku, akapangusa ubao wa kukatia kwa pamba, akapeleka vyote maabara.

Baada ya siku kadhaa alirudi na majibu mchana, kibanda kimejaa watu waliokuja kutazama, si kula.

"Ni salmonela," akasema. "Lakini bakteria za salmonela hazilingani kwa ukali. Hii ina jeni za kuisaidia kuingia ndani ya utumbo, na tena ina jeni za sumu."

Afisa hajafika hata barabarani, jeni ikawa jini. Jioni muuza viazi aliniambia, bila haya, kwamba mama ana majini ya sumu, ametoka nayo ziwani. "Lisemwalo lipo," akaongeza. Mimi ni mwepesi wa hasira. Nilimjibu maneno nisiyoweza kuyaandika.

Mama hakugombana na mtu. Alimfuata afisa, akamuuliza hicho kitu kiliingiaje kwenye chakula. Akaelezwa: ubao mmoja, kisu kimoja, kuku mbichi kwanza, nyanya baadaye. Kuku anapikwa, bakteria inakufa. Kachumbari haipikwi.

Alirudi kibandani. Akaupasua ubao wake kwa shoka, akausukuma chini ya sufuria ya chai, ukaungua mbele ya watu. Hata mchungaji alikuja na mafuta ya kufukuza jini.

"Omba tu, pasta," Mama akamwambia, "lakini kwanza nawa mikono."

Nilicheka peke yangu. Wateja hawakurudi. Kila asubuhi alipika, kila jioni tukala wenyewe. Niliogopa sana, kwa sababu kile kibanda ndicho kilichokuwa maisha yake, na jina la jini halitoki kwa sabuni.

Ndipo rafiki yake akatoka hospitalini. Alikuja amekonda, gauni linamning'inia, akakaa kwenye benchi la mbele, lile linaloonekana na soko zima.

"Nipe ugali na kuku," akasema. "Na kachumbari."

Mama alisimama na mwiko mkononi. "Wewe, hauogopi jini?"

"Jini gani? Si nimesikia ulimchoma?"

Mama akanawa mikono hadi kwenye viwiko. Akatoa ubao mpya, ule ambao haujaguswa na kuku, akaanza kukata kitunguu. Muuza viazi aliacha viazi vyake, akaja kusimama karibu.

Rafiki yake alianza na kachumbari.