Uvimbe Mkubwa Kuliko Wote

Mama alishuka kutoka Kinole, kijijini kwake mlimani, kwa sababu tumbo lilikuwa likimsumbua tangu msimu wa machungwa. Ijumaa nikampeleka kupigwa ultrasaundi. Mpimaji, binti mpole, alimfuta mafuta ya kipimo tumboni, akasema, "Kuna uvimbe kwenye ini. Daktari atawaeleza Jumatatu." Akatukabidhi majibu ndani ya bahasha isiyofungwa.

Tulipofika kwangu Mafiga, kabla hata sijainjika chai, mama aliitoa bahasha kwenye mkoba.

"Nisomee."

"Mama, daktari si atatueleza Jumatatu?"

"Daktari sikumsomesha mimi. Wewe nimekusomesha kwa pilipili manga, na ni mwalimu wa Kiingereza. Soma."

Nikasoma. Maneno mengi yalikuwa ya kitabibu, yakanipita. Moja halikunipita: largest. Sentensi ilisema uvimbe mkubwa kuliko wote una sentimita nne.

Neno la namna hiyo nimelifundisha kidato cha kwanza kwa miaka kumi na moja. Huwa nasimamisha wanafunzi wawili mbele ya darasa. Mrefu kati yao ni taller. Halafu namwita wa tatu, na hapo ndipo tunapopata tallest, mrefu kuliko wote. Anayeandika tallest kwa watu wawili namkata alama. "Lazima wawe watatu au zaidi," huwa nawaambia.

Nilirudia mstari ule nikitafuta kosa. Niliomba aliyeuandika awe kama wale wanafunzi wangu wasiosikia, wanaobandika maneno popote. Lakini Kiingereza chake kilikuwa safi kuanzia juu mpaka kwenye sahihi.

"Wameandika nini?"

"Kuna uvimbe mkubwa. Sentimita nne."

Mama alipima kwenye kidole chake cha shahada. "Kama ndimu changa. Ni mmoja?"

"Huo mkubwa ndio waliouandika."

"Alhamdulillahi. Mmoja si unakatwa tu?"

Siku mbili zile alikula kuliko alivyokula wiki nzima. Alichambua mchele kibarazani huku akiimba kaswida, akawaambia majirani zangu kwamba atafanyiwa upasuaji mdogo. Mara tatu nilikwenda kukaa karibu naye ili nimwambie. Mara zote tatu niliinuka, nikaenda uani kufua nguo zilizokuwa safi.

Jumatatu daktari alitazama picha, akasema bila kuzungusha kwamba uvimbe uko sehemu tano, na kisu hakitasaidia. Angempa dawa za kutuliza maumivu. Mama alinigeukia mimi.

Tulipotoka tukakaa kwenye benchi la korido.

"Ulijua?"

"Nilijua."

"Karatasi ilisema sehemu tano?"

"Haikusema, mama. Ilisema mkubwa kuliko wote." Nikamweleza kama ninavyowaeleza watoto, nimenyoosha vidole vitatu. Alisikiliza mpaka mwisho, akanishusha mkono.

"Kwa hiyo tangu Ijumaa umelibeba peke yako."

"Nilishindwa kukwambia."

"Ungeniambia, mwanangu, ningekusaidia."

Watu walipita mbele yetu na mafaili yao, nami nililia mbele yao wote, huku mgonjwa ndiye akinipangusa kwa ncha ya kanga yake.

Sasa yuko Kinole, nyumbani kwake. Kaka yangu alitaka tumpeleke Dar es Salaam. Mama amekataa, na mimi sikupata hoja ya kumshinda. Kila Jumamosi napanda mlimani. Kuna siku anakaa nje na kuwatania wapita njia, na kuna siku hawezi kumeza hata uji.

Juzi aliniomba nimgeuze aelekee dirishani. Nikamshika mabegani, akaguna.

"Siyo hivyo."

Nikajaribu kumshika kiunoni.

"Siyo hivyo pia. Acha tu."

Nikaacha. Nilibaki nimesimama kando ya kitanda, mikono yangu sijui niiweke wapi.