Kibuyu Nilichokunywa Bila Kuuliza

Baada ya wiki nzima ya kusahihisha mitihani, mke wangu alinikokota hadi maonyesho ya vitu vya mikono hapa Eldoret. Nilikuwa nimechoka mpaka pua. Kwenye meza moja, mzazi wa mwanafunzi wangu akanikabidhi kibuyu cha shanga nikiangalie. Sisi Wakalenjin ukipewa kibuyu huulizi, unakunywa mursik, yale maziwa yetu ya kugandishwa, halafu unashukuru. Nikapiga mafunda mawili. Ilikuwa chungu, lakini adabu ni adabu.

"Asante Mama, hii mursik imeiva kabisa."

Mama akashika kifua. "Mwalimu! Hiyo ni sabuni ya vyombo! Tumeacha tu kutumia chupa za plastiki!"

Nilitaka kumjibu kwamba najua, lakini povu likatangulia.