Reli Iliyopita Chini ya Kitanda cha Mama Mkwe

Fundi wa meno ya bandia hakuwa mtu wa makuu. Hakunywa, hakucheza kamari, wala hakuonekana vibarazani akisengenya watu. Alikuwa na ugonjwa mmoja tu, treni, na mkewe alikwishawaambia majirani kwamba heri angeolewa na mlevi, maana mlevi kuna saa hulala.

Treni yenyewe ilikuwa ya kuchezea. Aliikuta kwenye rundo la mitumba, mota imeungua, rangi imebabuka. Mtu mwenye akili zake angeipita. Yeye aliibeba nyumbani, akaifungua, akaitia mota ya mashine ya kuchongea meno iliyokuwa imestaafishwa kule kazini kwake. Kuanzia hapo treni ilikwenda bila wasiwasi, ila ililia mlio uleule wa mashine ya daktari wa meno. Jirani mwenye gego bovu kila akiusikia alishika shavu, akahamia upande wa pili wa ua.

Shida ilikuwa nafasi. Sebuleni, ukishaweka makochi, kabati na meza, mtu mnene alipita kwa ubavu. Kilichobaki ni chumba kidogo cha wageni, nacho kilimezwa na kitanda. Fundi alipima, akapima tena, mwisho akashika msumeno akatoboa matundu mawili chini ya ukuta wa plaiwudi uliotenga sebule na kile chumba. Reli ikawa inaanzia nyuma ya kochi, inazama tundu la kwanza, inapita chini ya kitanda, inaibukia tundu la pili na kurudi kochini. Chini ya kitanda alijenga mlima kwa kalibu kuukuu za plasta, zile anazopimia vinywa vya wateja, na kama ungejisumbua kuinama ungeona miamba yake yote ina magego. Mkewe aliyaona matundu. Aliliweka neno lake akiba.

Akiba hiyo mke aliitoa siku mama yake alipokuja kukaa nao. Mama mkwe alikuja kwa ajili ya meno. Yake mengi yalikuwa yameshang'olewa, na yeye alikuwa amekonda, anaishi kwa uji na ndizi zilizoiva kupita kiasi, na akizungumza huweka kiganja mdomoni. Kilichotakiwa ni kupimwa na kutengenezewa mengine, na fundi hodari wa kazi hiyo alikuwemo humohumo nyumbani, tena wa bure. Hapo ndipo penye mushkeli. Mama mkwe alisema hawezi kumfunulia mkwe wake kinywa, ni aibu. Aende kwa fundi mwingine? Hilo nalo hakulitaka, watu watauliza mkwewe ana kasoro gani. Na juu ya yote, ile mashine ya kuchimba meno aliyoisikia mara ya mwisho ilimtosha mpaka kaburini.

"Sikiliza," mke alimwambia fundi jikoni. "Mama akiondoka hapa bila meno kwa sababu ya hiyo treni yako, naipeleka kwa wanunuzi wa vyuma chakavu."

Fundi alikula kiapo. Treni aliiegesha nyuma ya kochi, matundu akayaziba kwa mito.

Wakaishi hivyo. Asubuhi mama mkwe akitoka chumbani, fundi humwamkia huku ameitazama sakafu, naye huitikia kutoka nyuma ya kiganja, kisha kila mtu hushika njia yake. Chakula mama mkwe alikula chumbani, mlango umefungwa. Fundi alimsikia akichovya mkate kwenye chai na kuusubiri ulainike, na jambo hilo lilimuuma. Mikono yake ilikuwa imewarudishia meno watu asiowajua hata kwa sura, na mama wa mkewe anashinda na njaa ng'ambo ya plaiwudi.

Siku moja mke alikwenda sokoni, na mama mkwe alikuwa amekaa uani anaota jua. Fundi akabaki peke yake na treni. Sikio la kufa halisikii dawa. Alijiambia ni safari moja tu, ya kuilainisha mota isije ikaganda. Akaondoa mito, akabonyeza swichi, treni ikazama tundu la kwanza kwa madaha. Haikutokea la pili. Ilikwama chini ya kitanda, ikawa inalia palepale. Naye akawa hajui kwamba jua lilikuwa limemchosha mama mkwe, amerudi chumbani kwa mlango wa ukumbini.

"Mmeniletea mashine mpaka kitandani!" sauti ilipaa ng'ambo ya ukuta.

Fundi akazima swichi. Katika ule ukimya alisikia zipu ya begi. Mama mkwe alikuwa anafungasha, na pamoja na nguo zake yalikuwa yanaondoka meno, reli na amani ya nyumba. Kuingia hakuweza, chumba cha mama mkwe, hata kikishika moto, mkwe huanza kwa hodi. Akasimama nje ya mlango, akaita.

"Mama, si mashine ya meno. Ni treni."

"Treni iko wapi?"

"Chini ya kitanda."

Zipu ilinyamaza.

"Mkwe," mama mkwe akauliza polepole, "umelewa?"

Alimsihi apande kitandani, ainue miguu, ajionee mwenyewe. Akarudi kwenye swichi, akairudisha treni kinyumenyume. Ikavuta, ikakwama, ikavuta tena, na mara ikachomoka kwenye tundu mpaka katikati ya sebule. Juu ya mabehewa, imetandazwa kama kwenye kamba ya kuanikia, ilikuja sababu ya kukwama kwake: shimizi la mama mkwe.

Fundi aliona dunia imeisha. Aligeukia kabati, akafunika macho kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili akapapasa swichi na kuirudisha treni ilikotoka, na mzigo wake. Akasikiliza. Kwanza alidhani mama mkwe analia. Kisha mlango ukafunguka, fundi akageuka, na mama mkwe alikuwa ameegemea mwimo wa mlango, begi miguuni pake, akicheka. Mikono yote miwili ilikuwa imeshika tumbo. Fundi akasahau kutazama sakafu. Jicho la kazi likaona fizi za juu zilizopona vizuri, na meno machache ya chini yaliyobaki kuwa walinzi. Mama mkwe akamwona anavyotazama. Kiganja kikaanza kupanda kuelekea mdomoni, kikafika kifuani, kikashuka.

Mke alirudi na kapu lake akakuta begi ukumbini, mito sakafuni, na mumewe ameshika swichi. Akauliza kuna nini. Mama yake alijikokota hadi kwenye kochi, akaketi, akamwambia fundi alete vifaa vyake vya kupimia.

"Mama, si ulisema ni aibu?"

"Shimizi langu ameshaliona. Kinywa nikifiche ya nini tena?"

Fundi akaapa kwamba hakuona kitu, alifunika macho.

"Umeliona," mama mkwe akasema, "na kiraka chake umekiona. Lete vifaa."

Akaegemeza kichwa kwenye kochi, akafumba macho, akafungua kinywa.