Sinia la Feisal

Harufu ya maharagwe yaliyoshika chini ya sufuria hunikuta katika kila mji ninamotangatanga, na kila mara hunirudisha Kisauni. Nilifika huko na Kombo, mtoto wa jirani yetu, kuanza shule ya bweni mwishoni mwa miaka ya hamsini, baada ya siku mbili za basi kutoka upande wa Lamu. Vumbi lilitujaa masikioni. Kwenye kivuko cha Kilifi wavutaji waliimba huku wakivuta minyororo, naye Kombo akaimba nao hadi sauti ikamkauka. Mimi sikuimba. Nilikuwa nasoma.

Kitabu chenyewe, zawadi ya mwalimu wangu wa shule ya msingi, kilihusu wavulana wa bweni huko Uingereza. Humo mgeni hupimwa na kiongozi wa kundi kwa swali moja. Akilijibu vyema, hupata marafiki wa kufa kuzikana. Nawaambieni, nilikiamini mno.

Shuleni wali uliletwa kwa masinia, wavulana sita sinia moja, na hakuna aliyekupangia pa kukaa. Wana wa matajiri wa mjini walikuwa na lao, mkubwa wao Feisal, mtoto wa mwenye maduka. Wengine walikula na wa kwao. Sisi wawili hatukuwa na wa kwetu. Tulikula jikoni tumesimama, tukikwangua ukoko na maharagwe yaliyoungua.

Wiki ya tatu, mmoja wa sinia la Feisal alihamia shule nyingine. Feisal, aliyejua natoka Lamu, akaniita, "We Mwamu, njoo utie mkono!"

Nilikwenda mbio, Kombo nyuma yangu. Feisal akamtazama. "Na huyu, wako?"

"Wake huyo?" mwenzake akadakia. "Hebu tazameni magaga ya miguu!" Wakacheka wote.

Nikajua ndilo swali la kitabuni. "Si wangu," nikasema. "Tulipanda basi moja tu."

Kombo alisema, "Haya," akarudi jikoni. Likizo ilipofika alikwenda nyumbani, hakurejea. Nilisikia anakata boriti mikokoni.

Nilikula sinia lile miaka minne. Walinituma maji, walinicheka maneno yangu, na hata Idi hakuna aliyenialika kwao. Siku ya kuondoka kabisa, mwaka wa uhuru, nilimuuliza Feisal kama anamkumbuka Kombo.

"Yule uliyemkana?" Alikuwa akifunga sanduku lake. "Wallahi ulinishangaza. Ungesema wako, tungesogea. Ningemfukuzaje mgeni wa mtu penye chakula?"

Honi ya gari la baba yake ikalia, akatoka bila kuniaga.

Hata kwetu swali lile, "Huyu wako?", huulizwa penye kila karamu. Ukiitikia "wangu", mgeni hunawishwa mikono, basi. Nililijua kabla sijajua kusoma.

Basi la kwenda kwetu, kwa akina Kombo, lilipita barabarani saa tatu. Niliketi juu ya sanduku langu nikaliacha lipite, kisha nikavuka daraja la kuingilia mjini hadi stesheni, nikapanda gari moshi la Nairobi.