Utando wa Korosho na Pampu ya Bi Somoe

Niliondoka Dar es Salaam kwa sababu ya ahadi. Ilikuwa miaka ya soko huria, na Bi Somoe wa Mchinga, mwenye shamba la chumvi, alikuwa amenunua pampu ya kuvuta maji ya bahari. Kila jioni aliiosha kwa maji ya kisimani isiliwe na kutu. Nilimwambia ataacha kuchota: maabarani kwetu tulikuwa tumetengeneza polima, rangi ngumu ya kupaka chuma, kutokana na mafuta ya maganda ya korosho. Chumvi ikiyeyuka hugeuka ioni, chembe zenye umeme. Zikipenya rangi, chuma kinaliwa. Chumvi yetu ya maabara ilipenya kidogo sana. Je, maji mazito ya shambani kwake yangepenya?

Kutoka Rufiji hadi Kiranjeranje nilipakata sanduku la vioo kama mtoto mchanga, kopo la polima likiwa miguuni. Kila kioo kilikuwa na elektrodi mbili, nyaya za umeme nyembamba kuliko unywele, zimefunikwa kwa utando wa polima; chumvi ikiupenya, mshale wa kipimo hupanda. Barabara ile haina huruma.

Mchinga, asubuhi, Bi Somoe na wafanyakazi wake walinipa mkono mmoja mmoja.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja siku njema, pampu tunaipaka leo."

Nikatoa kioo, nikakipangusa kwa kidole, nikakiunganisha na kipimo, nikadondoshea maji ya chumvi ya shambani. Mshale wa kipimo haukutikisika. Bi Somoe akapiga kigelegele, nami nikacheka kwa furaha. Kisha nikaingiwa na wasiwasi, maana hata maabarani mshale ulitikisika kidogo. Nikatazama vidole vyangu. Vilikuwa viking'aa.

"Mama, mmejipaka nini mikononi?"

"Mafuta ya nazi. Maji haya yanachoma, hatuingii shambani hivihivi."

Kumbe nilikuwa nimepima mafuta ya nazi! Nikanawa kwa sabuni, nikashika kioo kingine kwa kibanio. Mshale ukapanda. Nikajaribu cha tatu, ukapanda vilevile. Iliniuma sana, na mfanyakazi mmoja alikwisha kuchovya brashi katika kopo la polima.

"Msipake," nikasema. "Chumvi inapita."

Bi Somoe akaitazama njia ya kisimani.

"Ungekaa kimya, ningejuaje?"

"Mngeacha kuiosha, mama. Kutu ingewaambia."

Akashusha pumzi. "Haya. Brashi hiyo ioshwe." Kisha akajitwika ndoo mwenyewe.

Nilirudi Dar nikiwa nimejifunza kwamba chumvi ya maabara na ya Mchinga hazina tabia moja. Mwenzangu wa maabara alinidaka mlangoni.

"Imekubali?"

"Imekataa," nikamjibu. "Lakini pampu ya watu ni nzima."