Honi Aliyopigiwa Mama Mkwe

Pikipiki yangu ilimaliza waranti Jumamosi. Jumatano ikaingiwa na wazimu: kila nikikanyaga breki, honi inalia. Na siku hiyo, jamani, nilikanyaga breki ili nimsalimie mama mkwe.

Alikuwa anatoka shambani kule Kinampanda, jembe begani. Nikapunguza mwendo kwa adabu zote. Piiii! Nikakandamiza ili nisimame niombe radhi. Piiiiiiii! Mama wa watu akaruka pembeni, kwenye alizeti. Nikachanganyikiwa, nikaachia breki, nikapitiliza. Hata shikamoo sikuitoa.

Nyumbani nikakuta jirani ameshampigia simu mke wangu.

"Umempigia mama honi kama ng'ombe?"

"Siyo mimi, ni pikipiki!"

"Kamwambie mwingine hayo."

Ukweni kwetu hapachezewi. Siku nne nzima nilipita njia ya korongoni, mtu mzima na ndevu zangu, nikimkimbia mama mkwe.

Jumatatu nikaenda Shelui, kwenye duka nilikoinunua. Muuzaji hata hakuinuka kwenye kiti.

"Waranti imeisha, kaka."

"Waranti imeisha, haki yangu haijaisha! Umeniuzia chombo chenye ubovu uliojificha: nikikanyaga breki, honi inalia."

"Pikipiki nzima hiyo. Honi unabonyeza mwenyewe."

Loh! Angesema neno lingine lolote ningevumilia. Kama pikipiki ni nzima, basi aliyemvunjia mama heshima ni mimi. Nikaiwasha palepale mlangoni, nikaikalia, nikainua mikono yote miwili juu kama naombewa, nikakanyaga. Piiii! Nikaachia, kimya. Nikakanyaga tena. Piiii! Madereva wa malori waliokuwa wakila jirani wakaacha chipsi zao wakaja kushangilia, na mimi nikanogewa.

Ndipo muuzaji akamwita fundi. Fundi akafungua: waya wa breki na wa honi zilikuwa zimegusana ndani ya mkanda wa kiwandani uliozifunga, mahali ambapo hakuna mkono wa mtu uliowahi kufika.

"Haya, tunakutengenezea bure," muuzaji akaninong'oneza. "Nenda, kaka, unanifukuzia wateja."

"Kwanza niandikie kwamba inajipigia honi yenyewe."

"Bosi hataki maandishi. Chagua: bure bila karatasi, au karatasi na ujilipie."

Nikachagua karatasi. Ndiyo, mimi huyuhuyu niliyekuwa nafoka habari za haki, nikajilipia ubovu wao, tena nikadai na muhuri.

Nikaenda moja kwa moja ukweni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba."

Nikampa karatasi kwa mikono miwili. Akavaa miwani, akaisoma taratibu, mpaka muhuri akausoma.

"Kumbe," akasema. "Na mimi nimewatambia wanakwaya wote kwamba mkwe wangu akiniona tu, ananipigia honi kama msafara wa harusi."

Akaikunja karatasi, akanirudishia.

"Kwa hiyo hukuwa unanisalimia."